Viota vya Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi, mafuta yametulia kwenye karai. Hayatoi moshi wala hayapigi kelele. Mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani anadondosha tone moja la rojo. Linazama, linaibuka limezungukwa na mapovu, naye anaitikia kwa kichwa.

"Sasa yanataka kazi," anasema.

Anashika faneli ya bati kwa mkono wa kushoto, anafunga kijimlango chake kwa kidole gumba, anaijaza rojo, kisha anaachia. Uzi mweupe unashuka ndani ya pete ya chuma iliyokaa katikati ya mafuta. Mkono unazunguka, unarudi, unakatiza juu ya nyuzi za kwanza. Ukihesabu mpaka kumi, rojo limekuwa kiota cha ndege, rangi ya dhahabu pembeni na weupe kidogo katikati. Anakigeuza, anakiopoa, anakiweka kwenye waya kichuruzike mafuta, halafu anakinyunyizia sukari ya unga kwa chujio la chai.

Mpini wa ile pete umeshikwa na mkono wa kulia. Ngozi ya mkono huo imekunjamana kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi karibu na kiwiko, na vidole viwili vya mwisho vimejipinda kuelekea kiganjani. Havinyooki tena.

Mtaani kwao anaitwa Mama Shoto. Jina hilo alipewa na wifi yake kwa utani, naye akalipokea. Ana miaka arobaini na mmoja, mume fundi wa kuchomelea vyuma, watoto wawili, na vyumba viwili vya kupanga vyenye uwa mdogo nyuma. Uwani humo, chini ya paa la mabati manne, hukaanga viota mia na ishirini kwa siku ya kawaida. Jumamosi hufika mia mbili.

Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye uwanja wa bembea. Ilikuwa michezo ya kuhamahama: farasi wa mbao wanaozunguka, magari madogo ya kugongana, bembea ya mnyororo inayowarusha watu wazima mpaka wanawaita mama zao. Pembeni palikuwa na kibanda cha bibi mmoja aliyekaanga viota. Mama Shoto aliajiriwa hapo kuosha vyombo.

Kwa mwaka mzima hakuruhusiwa kushika faneli. Bibi alimwambia aangalie mkono, asiangalie kiota. Siku alipoachiwa, kiota chake cha kwanza kilitoka kama uzi uliochezewa na paka, na bibi akakila chote bila kusema neno, kisha akamwambia arudie.

Alidumu pale miaka tisa. Wenye bembea walipofungasha na kuhamia mji mwingine, yeye alikuwa ameshaolewa na ana mtoto mchanga, akabaki. Bibi wa kibanda alimwachia pete moja na maneno machache: watu hawakumbuki bembea, wanakumbuka walichokula waliposhuka.

Basi akaanza kukaanga nyumbani. Siku za mwanzo aliuza viota kumi na vitano, vingine wakala wenyewe. Mwaka wa pili majirani walikuwa wanapanga foleni mlangoni wakiwa na sahani zao. Kwa hesabu yake ya siku zote, kati ya kila viota kumi, vitatu ni faida, na kwa vitatu hivyo watoto walisoma na kodi ililipwa, hata miezi ambayo kazi za mumewe zililala.

Mambo yalibadilika alasiri moja, miaka minne iliyopita.

Wakati huo uwa haukuwa na paa. Mvua ilianza bila kubisha hodi. Karai lilikuwa limejaa mafuta mapya, ya moto, na matone ya kwanza yalipoingia, mafuta yakaanza kuruka. Alizima jiko. Mpaka hapo, anasema, alifanya sawa. Kisha akalinyanyua karai ili alipeleke ndani. Sakafu ilikuwa imeshalowa. Aliteleza, na mafuta yakamwagikia mkono wa kulia.

"Watu husema ajali," anaeleza, akiwa hajaacha kugeuza kiota. "Mimi nasema niliyahurumia mafuta kuliko mkono wangu. Mafuta yananunuliwa."

Alilazwa wiki tano. Daktari alimweleza waziwazi kwamba mkono utapona, lakini vidole viwili havitanyooka, na kidole cha shahada hakitakuwa na nguvu kama zamani. Alimuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia kwamba kidole hicho ndicho huziba tundu la faneli, daktari aliinamia karatasi zake.

Nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri. Mama mkwe alipendekeza auze mkaa. Majirani walimwambia amshukuru Mungu amebaki na uhai, nao walikuwa na haki, lakini maneno hayo, anakiri, yalimchoma mara ya pili. Alianza kuvaa mikono mirefu hata kwenye joto. Mgeni akija, mkono wa kulia ulijificha chini ya mtandio mpaka mgeni aondoke.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hufanya usafi ofisini asubuhi na mchana yuko huru, alijitolea kukaanga ili wateja wasipotee. Moyo ulikuwepo, mkono ndio haukuwepo. Viota vilitoka vizito kama sponji ya godoro. Wateja walinunua wiki mbili kwa heshima, wakasifu sukari, kisha wakaanza kupita njia ya pili.

Wifi mwenyewe analisimulia bila aibu. "Nilimuuliza, wifi, hivi hiki ndege gani atakilalia? Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu atoke hospitali. Nikaona kumbe ubovu wangu nao una faida."

Lakini siku chache baadaye karai halikuonekana. Mama Shoto alilitafuta uvunguni, stoo, kwa majirani. Alilikuta kwenye karakana ya mumewe, limejaa nati na skrubu.

Fundi hakukana. Alimwambia kwamba mafuta yamewatosha, kwamba siku ya ajali aliusikia ukelele wake akiwa nyumba ya tatu na hataki kuusikia tena maishani, na kwamba kama ni chakula, atawalisha yeye. Mkewe alizimwaga nati chini, akabeba karai kwa mkono wa kushoto, akarudi nalo nyumbani. Hawakusemezana siku mbili. Chumvi waliombana kupitia watoto.

Fundi, mtu wa maneno machache mwenye kope zilizoungua kwa cheche, analieleza hilo huku akichezea kipande cha waya. Anasema hakuwa na hasira. Alikuwa na woga, na woga wa mwanamume mara nyingi huvaa koti la hasira.

Siku ya tatu alirudi mapema na kumkuta mkewe uwani, ameketi mbele ya sinia. Hapakuwa na moto. Alikuwa amekoroga unga kwa maji, akajaza faneli ya plastiki, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anajaribu kuchora mduara kwenye sinia. Rojo lilimwagika kila upande isipokuwa alikotaka. Alifuta, akachora, akafuta. Fundi alimtazama kutoka mlangoni. Kisha akarudi karakanani.

Jioni alirudi na faneli ya bati. Alikuwa ameikata na kuichomelea mwenyewe: shingo yake imepinda kidogo kuufuata mkono wa kushoto, na pembeni ina kijimlango kinachofungwa na kufunguliwa kwa kidole gumba. Aliiweka juu ya meza na kusema sentensi mbili tu.

"Ukirudi kwenye moto, utarudi chini ya paa. Mabati nimeshayapata."

Ilimchukua miezi minane. Kila asubuhi, watoto wakishakwenda shule, alichora kwenye sinia mizunguko hamsini. Mkono wa kushoto, anasema, ulikuwa kama mgeni aliyeolewa katika ukoo: una nguvu, una nia, lakini haujui vyombo vinawekwa wapi. Alianza kuutumia kwa kila kitu. Alipiga mswaki kwa kushoto, akafunga vifungo kwa kushoto, akachapia salamu za simu kwa kushoto, na nusu ya salamu hizo zilifika zikiwa matusi.

Mwezi wa tatu alichora mduara uliofunga. Mwezi wa sita alipanga nyuzi tatu juu ya tatu. Mwezi wa nane fundi aliwasha jiko kwa mkono wake, akasimama nyuma yake na mfuniko wa chuma mkononi, tayari kufunika karai. Alipotumbukiza uzi wa kwanza, anasema, rojo lilikwenda alikotaka.

Kiota hicho alipewa mama mkwe, kwa sababu hajui kudanganya. Alikitafuna taratibu, akapangusa sukari midomoni, akasema sasa suala la mkaa lisizungumzwe tena.

Mteja wa kwanza aliyerudi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee mwenye macho ya kuona mshono ulioruka hata gizani. Aliinua kiota kwenye mwanga, akakizungusha. Zamani viota vya mwanamke huyu vilizunguka kufuata mshale wa saa. Hiki kilizunguka kinyume.

"Hiki kimegeuka," alisema.

Mama Shoto alianza kujieleza: mkono, hospitali, ajali. Mzee akamkatiza. Alisema ameona tu kimegeuka, hajasema ni kibaya. Na kwamba kama angekuwa yeye, asingejieleza kwa mtu yeyote, angeiachia kazi iseme. Kisha akanunua sita.

Mtihani mkubwa ulikuja miezi mitatu baadaye. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alitaka viota mia tatu kwa siku ya kufunga shule. Alifika nyumbani kuweka oda, akauona mkono, akabadilika sura. Kwa upole, akashauri wafanye mia moja tu, na badala ya vilivyobaki wanunue biskuti dukani.

Hapo ndipo, mbele ya mtu wa nje, alipouweka mkono wa kulia juu ya meza kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, ukiwa unapunguza kwa sababu ya bajeti, sawa," alimwambia. "Ukiwa unapunguza kwa kunionea huruma, hapana. Kikipungua hata kimoja, usinilipe chochote."

Siku hiyo walianza alfajiri. Wifi alikoroga rojo, kwa kuwa kukoroga anakuweza. Fundi aliacha karakana imefungwa, akawa mtu wa sukari na maboksi. Viota mia vya kwanza vilikwenda kama maji. Kufika mia na tisini, mkono wa kushoto ukakaza. Alikuwa anashika kila kitu kwa mkono huo mmoja: faneli, pete, kijiko cha matundu. Msuli ulipanda mpaka begani na faneli ikaanguka mezani.

Wifi aliusugua mkono kwa maji ya moto. Bado vilikuwa mia na kumi, na saa zilikuwa zinakwenda.

Ndipo alipojaribu jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Aliuingiza mpini wa pete kwenye vile vidole viwili vilivyopinda. Ulikaa. Ulikaa imara kuliko ulivyowahi kukaa kwenye vidole vilivyonyooka, kwa sababu vidole hivyo havichoki kukunja, ndivyo vilivyo. Mkono wa kulia ukashika pete, wa kushoto ukabaki na faneli peke yake, na kazi ikarudi kwenye mwendo.

"Mwaka mzima nilikuwa naviita vidole vilivyokufa," anasema. "Kumbe vilikuwa vinasubiri kupewa zamu."

Viota vilivyofika shuleni vilikuwa mia tatu na kumi na viwili. Kumi na viwili vya juu vilikuwa vya walimu. Mwalimu mkuu alivihesabu mwenyewe, akalipa vyote, na kuanzia mwaka huo oda haijakatika. Zimeongezeka shule mbili, na kiwanda kidogo cha sabuni kinachowanunulia wafanyakazi wake kila mwisho wa mwezi.

Leo karibu na jiko lake pana ndoo ya mchanga, mfuniko wa chuma, na mstari mwekundu sakafuni usiovukwa na mtu mwingine mafuta yakiwa motoni. Wanawake wawili wa mtaani huja Jumatano kujifunza. Somo la kwanza halihusu unga. Huwaonyesha mkono wake na kuwaambia kwamba karai la moto halihamishwi, hata paa likianguka. Mikono mirefu hajaivaa leo, na anasema hajui hata ilipo.

Mchana huu, viota vya oda vikiwa vimekwisha, mumewe amerudi na futi ya kupimia. Wamepata chumba cha duka barabarani, nacho watakifungua mwezi ujao. Fundi anataka dirisha dogo lenye nondo, kwa usalama, na mlango imara.

Mkewe ananawa mikono, anaikausha kwa aproni, anasimama ukutani.

"Nondo weka nyuma," anamwambia. "Mbele nataka kioo, kuanzia hapa," anagusa kiuno, "mpaka juu ya kichwa. Mtu akipita njiani aone mikono yote miwili ikifanya kazi."

Fundi anamtazama, anaikunjua futi, anaandika kipimo hicho ukutani kwa chaki.