Ng'ombe Waliogeuka Matofali

Kaka yangu mkubwa aliuza ng'ombe wa mahari yangu, akajenga vyumba vya kupangisha Matongo, karibu na mgodi. Nilipomkimbia mume aliyekuwa ananipiga, nilimwomba kaka chumba kimoja tu. Alinijibu mbele ya wapangaji wake kwamba nirudi kwa mume, maana ng'ombe wameshakuwa matofali na yeye hana cha kurudisha.

Nikaenda Sirari kuuza vitenge. Nikanunua kiwanja Tarime mjini. Kila nilipochoka, niliyakumbuka yale matofali na uchovu ukaisha.

Mwaka juzi nikasikia kaka amelemewa na pombe, anauza vyumba vyote. Niliweka hati ya kiwanja changu benki, nikachukua mkopo, nikamtuma dalali, kwa sababu kaka angejua ni mimi asingeuza. Pesa zilipowekwa mezani kwa mtendaji wa kijiji, ndipo nikaingia. Kaka alinitazama, akazitazama pesa, akasaini.

Hakuwa na pa kwenda. Nikampangisha chumba cha mwisho, kinachopakana na choo, kwa kodi ileile wanayolipa wengine. Mkopo bado naulipa, na kodi yake imo humo.

Kila mwisho wa mwezi nakwenda mwenyewe, situmi mtu. Namwamkia shikamoo kwa adabu zote, kwa sauti ambayo wapangaji wote wanaisikia. Anaitikia marahaba huku anaangalia chini. Halafu nanyoosha mkono.