Kipimo cha Maharagwe

Nilipotoka chuoni niliamini kwamba aibu inaweza kupimwa. Bado naamini, ingawa kwa tahadhari zaidi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima kujinyanyapaa kwa watu waliowahi kuugua akili katika vijiji vya Koboko, yaani kiasi ambacho mtu ameyameza maneno ya wanaomdharau hadi akawa anajiambia mwenyewe. Wenye alama za juu wangeingia katika kikundi cha mazungumzo kwenye zahanati, chini ya muuguzi mzoefu. Nafasi zilikuwa chache. Wenye alama za chini wangeshukuriwa na kuachwa.

Kila kauli ya dodoso ilikuwa na majibu manne, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Mimi ni mtu wa Arua na sijui Kikakwa, lugha ya wenyeji wa huko, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Na kwa kuwa wengi hawakusoma, nilibuni njia ambayo niliionea fahari. Nilinunua maharagwe sokoni Arua, yaliyokwisha kuchambuliwa, nikayatia katika bakuli. Punje moja ilimaanisha kukataa kabisa, punje nne kukubali kabisa. Baadaye maharagwe yote yangebaki kwa wenyeji, maana sikupenda kuingia nyumbani kwa watu mikono mitupu.

Huko Midia, kimojawapo cha vijiji hivyo, nilimkuta mwanamke wa makamo aliyeishi kwa kaka yake. Alikuwa ametibiwa, alimeza dawa zake, alilima, na habari za kikundi alikuwa amekwisha kuzisikia. Nilitaka tukae peke yetu, lakini mwenyewe aliomba wifi yake asiende mbali, na wifi akaendelea kumenya mihogo hatua chache kutoka tulipokaa. Nilimweleza habari za bakuli, na kwamba tukimaliza maharagwe yote ni chakula chao. Kisha nikasoma.

"Kwa kuwa niliugua, sistahili kukaa pamoja na watu wengine."

Aliokota kijiti, akasukuma punje moja.

"Naona aibu kwa sababu ya ugonjwa wangu."

Punje moja. Ikawa hivyo hadi kauli ya mwisho, punje moja moja, kwa ncha ya kijiti. Nilijumlisha. Ilikuwa alama ya chini kabisa ambayo mtu anaweza kupata. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikampongeza kwa moyo wake imara.

"Kwa hiyo kule zahanati mimi sitakuja?" aliuliza polepole.

"Hapana, mama. Wewe huna haja ya kikundi."

Aliinamisha kichwa. Wifi yake akaweka kisu chini.

"Mwalimu, huyu amelala akifikiria hiyo kikundi. Muulize kwa nini anasukuma na kijiti."

Nilimuuliza.

"Hii maharagwe iko ya watoto kula," alisema. "Mimi nikishika, ugonjwa yangu inaingia. Nilitoa moja moja, isiharibike mingi."

"Wee! Na hii mihogo, jana nani alichimba? Shetani?" wifi alidakia.

"Mihogo iko na maganda. Unamenya, unaosha."

"Miaka tatu nakula jasho yako, wifi! Kama kichaa inapita kwa mkono, basi mimi ningekuwa natembea barabara ya Koboko bila nguo."

Wifi alicheka kwa nguvu. Yeye hakucheka. Nami nilitazama fomu yangu, yenye hesabu sahihi na isiyo na neno moja la kweli. Jibu lote lilikuwa katika kijiti, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikihesabu punje.

Nilirudi Arua na fomu ile, nimeandika pembeni yote niliyoyaona. Nilimkabidhi daktari aliyenisimamia kwa woga, kwa sababu kanuni ilikataza kumuuliza mtu mara mbili. Alisoma akiwa amesimama.

"Ungechukua changarawe, mwanangu," alisema. Kisha akauliza, "Na wale wa kijiji cha Abuku, uliowapima kabla yake? Wangapi walitumia kijiti?"

Sikujua. Nilijaribu kukumbuka mikono yao, nikagundua kwamba sikuitazama. Tangu siku ile kila fomu yenye alama za chini niliyokuwa nimeijaza ilinitia hofu: huenda nilikuwa nimemfungia mtu mlango kwa heshima na tabasamu.

"Rudi kwa wote," alisema daktari. "Tutaandika wazi kwamba kosa lilikuwa letu."

Nilirudi kwa wote, kwa wiki kadhaa, nikiwa na mfuko wa changarawe. Mwanamke wa Midia aliponiona alinawa mikono kwanza, kisha akakaa. Mara hii alichukua mawe kwa vidole vyake, manne, na manne tena, bila kuniangalia. Nilipomaliza sikumpongeza. Nilimwambia kwamba nafasi ipo.

Siku ya kwanza ya kikundi alifika mapema kuliko wote, akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Saa nzima alisikiliza wenzake. Watu walipoanza kutoka, muuguzi alimuuliza kama atakuja tena wiki ijayo.

"Kama mvua haiko," alisema.