Watoto Walifaulu, Shule Ikabaki Imefungwa

KIBABI, Masisi, 1956 – Saa tisa alasiri, mvua imekatika tu, na Verdiane anaingia kwenye kanisa la udongo akiwa na kikapu cha pareto mgongoni. Anakitua, anapangusa mikono kwenye kitenge, kisha anachukua kipande cha muhogo mkavu na kuandika ubaoni. Watoto wanasoma kwa sauti moja.

Asubuhi yote alikuwa akichuma maua hayo katika shamba la mzungu. Kazi hii ya pili haina mshahara.

Watoto hawa walikuwa na shule. Serikali ilipopunguza fedha, shule ilifungwa, na mwalimu wao, Papa Barthélemy, akaenda Hombo kuwa karani wa duka. Wanafunzi wakaishia kwenye pareto. Verdiane, aliyesoma mpaka darasa la tano, aliwaona wakianza kusahau hata kuandika majina yao. Akamwendea katekista Édouard, wakakubaliana kufundisha.

Nyumbani hakupata baraka. "Mama alinigombeza," anasimulia. "Alisema, 'Shamba yako iko nakufa, na weye uko nafundisha batoto ba benyewe.' Hakusema bongo."

Kweli hakusema uongo. Msimu ule magugu yalimeza maharage ya Verdiane, na wanawe wakalala njaa.

Mwaka jana watoto walitembea hadi misioni kufanya mtihani. Karibu wote walifaulu, na Godelieve, binti wa mjane kutoka Kashebere, akawapita hata wanafunzi wa misioni. Kibabi ikacheza ngoma.

Haukupita muda, inspekta wa shule akaja. Verdiane alifua kitenge chake, akakaa mbele, akiamini shule inafunguliwa. Inspekta aliwasifu kwa Kifaransa, Édouard akatafsiri, watu wakapiga makofi. Kisha inspekta akasema kwamba kijiji kinachoweza kujifundishia chenyewe hakihitaji fedha za serikali, zitapelekwa kwingine.

Verdiane anajua Kifaransa kidogo. Alielewa huku wenzake wakiwa bado wanapiga makofi. Anasema aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake mpaka gari likaondoka.

"Nikifundisha mubaya, batoto banapotea," anasema. "Nikifundisha muzuri, Leta, hii serikali, inasema hatuna shida. Sasa mimi nipite wapi?"

Édouard hakurudi tena darasani. Alisema hawezi kuwa punda wa serikali. Godelieve hakupata shule ya kumpokea. Leo anachuma pareto mstari mmoja na Verdiane, na hawazungumzii mtihani.

Lakini Verdiane hajaacha. Maharage yakishavunwa, anakusudia kuwachukua watoto na wazazi wao hadi Masisi, kwenye ofisi ya mkuu wa serikali wa eneo hilo. Wazazi wengine wanaogopa viboko. Yeye pia anaogopa, na halifichi hilo.

"Tutafundisha pale pale, mbele ya mulango wake," anasema. "Asikie batoto banasoma, kila siku, mupaka yeye njo achoke wa kwanza."