Baketi ya Pekeyangu

"Mtambo wangu nauhudumia mwenyewe tangu siku ya kwanza. Hajazaliwa mtu aliyewahi kunishikia hata spana!"

Mzee mmoja wa mtaa wetu aliyasema hayo kwenye harusi ya binti yake, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu mia mbili na keki ya ghorofa tatu. Alitakiwa kuwaasa maharusi, yeye akaisifu eskaveta yake ya kuchimbia mitaro, chuma chenye umri wa kumzidi bwana harusi. Tulimpigia makofi, kwa sababu chakula kilikuwa hakijaletwa, na mwenye njaa hupigia makofi chochote. Mkewe alikuwa meza ya mbele. Aliiweka soda yake chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa miaka ishirini na miwili.

Maana mtaa wetu wote wa gereji ulijua ni nani aliyekuwa akishika spana. Kufunga baketi ni kazi ya watu wawili, haina ujanja. Ile baketi, yaani kijiko chenyewe cha kuchotea udongo, hushikwa na mkono wa mtambo kwa pini mbili nene kama kifundo cha mguu. Mmoja anakaa juu kwenye kabini, anausogeza mkono. Mwingine anasimama chini, anaangalia tundu la mkono likutane na tundu la baketi, ndipo pini ipite. Huyo wa chini alikuwa mkewe, kitambaa kichwani, akiongoza kwa maneno manne: "Kidogo. Kidogo. Unywele. Basi."

Mwaka haukuisha, binti akajifungua. Mama akaenda kumsaidia kulea kwa wiki sita. Wiki sita zikazaa miaka miwili. Hakugombana na mtu, hakudai talaka. Alipanda basi tu. Mtaa nao ukampa mzee jina jipya, Pekeyangu, na yeye akawa analiitikia kwa jeuri, kama cheo.

Sasa baketi yake ikapasuka, kutoka sikioni, pale pini inapopita, hadi mdomoni. Ilikuwa imeshachomelewa mara nyingi hata viraka vilikuwa vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Na alikuwa amepata kazi moja tu katika miezi mitano: mtaro wa bomba la maji kwenda zahanati. Msimamizi wa kazi hakumzungusha.

"Mzee wangu, Jumatatu saa moja asubuhi kama hujagusa udongo, namwita yule mwenye mtambo mpya."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa akaenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mama muuzaji, miwani puani, amekalia tairi la lori kama kiti cha enzi, akamwonyesha baketi tatu. Pekeyangu akatoa futi ya kamba ya chuma akaanza kupima. Futi ile ukiivuta bila mtu wa kushika upande wa pili, inajikunja na kurudi mbio kama mjusi aliyekanyagwa.

"Nikushikie, baba?"

"Shika biashara yako."

Akakanyaga ncha kwa kiatu, akapima ameinama kama anatafuta sindano. Baketi ya tatu ilikubali umbali kati ya pini na pini. Lakini ilikuwa imetoka kwenye mtambo mkubwa zaidi: matundu yalizidi pini zake kwa sentimita moja, na masikio yaliachana kuliko upana wa mkono wa mtambo wake. Ilikuwa kama kununua koti la mtu mnene, ila hakuwa na la kuchagua, akalichukua.

Jumamosi nzima alilipunguza koti hilo. Alimpelekea fundi wa mashine vipande vya chuma amchongee bushi, yale mabomba mafupi ya kupunguza matundu, pamoja na washa nene, zile pete za chuma za kuziba nafasi pembeni. Fundi alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta.

"Kesho ukifika kwenye pini niite, nipo nyumbani."

"Pini mbili tu! Nikuite uje upige makofi?"

Fundi akacheka. Jumapili akaenda kwa wakwe zake.

Hiyo Jumapili nilikuwa dirishani kwetu ghorofani, juu ya uani kwake, nikianika nguo, kwa hiyo niliona yote. Gereji zimefungwa, uani kimya. Pekeyangu akapanda kabini, akasogeza mkono, akashuka, akachungulia: tundu liko vidole viwili juu. Akapanda. Akashuka: kidole kimoja chini. Nilihesabu safari kumi na nane, nikachoka mimi niliyesimama. Ya kumi na tisa hakupanda. Alikaa juu ya baketi, akatoa simu. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa siku nyingi, kila simu yake ni matangazo.

"Mama watoto, hujambo?"

"Sijambo. Kuna msiba?"

"Msiba wa nini? Nimepata baketi."

"Hongera."

Mtoto alisikika akigonga sufuria.

"Kubwa kidogo, lakini nimeitia bushi."

"Umeshaifunga?"

"Ndiyo... iko tayari kufungwa."

"Aha. Na chini yuko nani?"

Mzee akageuka akatazama pembeni mwa baketi, kama vile huenda yupo mtu.

"Chini pako sawa."

"Baba watoto, una neno la kuniambia, au unanipa taarifa ya habari?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Nami kule juu na shati linanitonea miguuni, nikimsukuma kwa moyo: sema, mzee, hata "samahani" ni neno.

"Mjukuu ameota meno?"

"Anayo kumi na sita."

"Ah. Baketi inayo matano."

Upande wa pili ikasikika pumzi fupi, ya kucheka au ya kuchoka, sikuitambua. Simu ikakatika.

Akaingia ndani. Alitoka amekumbatia kioo kirefu cha chumbani, kile ambacho mkewe alikiacha kwa sababu hakikuingia kwenye basi. Akakiegemeza kwenye pipa pembeni mwa baketi, akakigeuza hadi alipoketi kabini akaona matundu ndani yake. Lazima nikiri, mimi na diploma yangu niliyoiacha nusu nisingefikiria hivyo. Mwanga ukipita matunduni ulionekana kama mwezi mchanga. Akasogeza, mwezi ukanenepa, ukajaa. Akashuka na nyundo. Pini ya kwanza ikaingia. Kwa ya pili akageuza kioo kidogo, nayo ikaingia.

Alirudi kabini akanyanyua baketi juu, akaikunja, akaikunjua, uso umemwiva kwa furaha. Kisha akauzungusha mtambo kushoto. Nilipiga kelele, "Mzee, kioo!" Injini ikaimeza sauti yangu, baketi ikakipiga kioo vipande vipande.

Jumatatu saa moja kasoro, baketi ilikuwa udongoni. Msimamizi alimpa mkono.

Jioni alipita duka la vioo, matope hadi magotini.

"Unataka cha urefu gani?" muuzaji akauliza.

Pekeyangu akaweka kiganja begani mwake mwenyewe. "Mtu wa hapa ajione mzima, na kitambaa chake kichwani."

Kioo cha urefu huo, bila fremu, kilikuwa elfu thelathini na tano, naye akazilipa.