Kiuno cha Abdiel Kilichopimwa Chini ya Tumbo

Sadoki alikuwa fundi cherehani wa barazani pale Kijenge, na kwa miaka ishirini alivijua viuno vya wakubwa kuliko wake zao. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagika mpaka Kwa Mrombo. Wanaume waliokuwa wakimbembeleza amalize suruali zao kabla ya Pasaka wakaanza kupita mbele yake wamevaa nguo za Wazungu waliokufa, wakimsalimia kwa huruma.

Mmoja tu hakumtupa: Abdiel, muuza vipuri vya magari, rafiki yake tangu kipaimara. Kila Desemba Abdiel alishonesha kwake suti mpya ya kwenda nayo Machame, maana Mchaga akirudi mgombani Krismasi na suti ya mwaka jana, ndugu huanza kumwombea.

Ruksa hiyo ya biashara ilikuwa imemneemesha Abdiel mahali pamoja tu. Miguu ilibaki ya korongo, mikono ya mwanafunzi wa bweni, lakini tumbo lilitangulia kuingia dukani na mwenyewe akafuata. Sasa, suruali ya mwenye tumbo haina pa kukaa ila chini yake. Hapo ndipo Sadoki alipopima, akatangaza mtaa mzima usikie: "Thelathini na sita, Bosi! Kama kijana!" Koti nalo lilitaka kipimo cha tumbo lenyewe, juu ya kitovu. Hicho alikipima kimya, akakiandika bila kukitamka: arobaini na sita. Tumbo lilikuwa sifa. Namba yake ilikuwa aibu.

Mwaka tisini na saba, Abdiel akiwa na miaka sitini na miwili, muuguzi kijana aitwaye Anneth alikuja usharikani kupima wazee baada ya ibada. Mizani ilimpa Abdiel kilo za kawaida kabisa, akaanza kuwacheka wenzake. Anneth akasema kilo peke yake hazitoshi, akatoa futi ya kupimia kiuno. Abdiel akagoma. Afunue shati mbele ya binti wa rika la kitinda mimba wake, huku wazee wa kanisa wakichungulia?

"Fundi wangu ana vipimo vyangu vyote," akasema. "Twende kwake."

Wakamkuta Sadoki barazani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gauni la harusi?"

"Hapana, baba. Nataka kiuno cha mzee huyu. Mtu wa umri wake anaweza kuwa na kilo nzuri tu, kumbe mafuta yamejazana tumboni, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha. Akizidi inchi arobaini, nampeleka akapimwe damu."

Nyuma ya bega la binti, Abdiel akakonyeza.

Sadoki akafungua daftari. Namba zote mbili zilikuwa kwenye mstari mmoja, kama mke na hawara waliokalishwa benchi moja kanisani. Alijua fika ni ipi inayoulizwa. Alijua pia kwamba Desemba inakaribia, na kwamba Abdiel akiudhika, mitumba haiko mbali.

"Thelathini na sita."

"Una uhakika, baba?"

"Mimi namvalisha miaka yote, wewe umemwona leo!"

Anneth akaandika. Abdiel akacheka mpaka vifungo vikaomba msaada. Sadoki naye akacheka, na kicheko hicho ndicho alichokuja kukijutia kuliko uongo wenyewe.

Mwaka uliofuata Abdiel alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani, na kukatiza vipimo akimbilie msalani. Kisha kikaja kidonda cha kidole kisichotaka kupona. Akakilaumu kiatu. Sadoki akamsaidia kukilaumu. Mwaka wa tatu madaktari waliukata mguu wa kushoto chini ya goti, wakasema kisukari kilikuwa kimeishi humo siku nyingi bila kubisha hodi.

Ndipo Sadoki alipoitwa nyumbani kwa Abdiel, Moshono, kupunguza suruali upande mmoja.

"Karibu, shemeji," akasema Aikaeli, mkewe Abdiel. "Anakusubiri."

Sadoki alichomeka pini mbili tatu, akashindwa kuendelea.

"Abdiel, siku ile ya yule binti nilimpa kiuno cha suruali. Cha tumbo nilikuwa nacho. Arobaini na sita."

"Mimi ndiye niliyekukonyeza, aisee."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini futi ulikuwa nayo wewe."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, Sadoki angepata pa kujitetea. Aikaeli alikuwa mlangoni na sinia ya chai, na habari ya siku ile ndiyo kwanza anaisikia. Akaiweka sinia mezani taratibu.

"Wazee wawili wazima," akasema, akarudi jikoni.

Sadoki akahamia upande wa kulia, alinganishe pindo. Pini ikateleza, ikapenya soksi. Doa la damu likatokeza kifundoni. Abdiel alikuwa akikoroga chai.

"Nimekuchoma, ndugu yangu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hukusikia?"

"Sikusikia kitu. Endelea, fundi, usimtie mke wangu presha bure."

Sadoki akautazama mguu ule, mguu pekee uliobaki, nao sasa hausikii hata pini.

"Shemeji!" akaita. "Njoo uone huku!"

"Sadoki, nyamaza," akasema Abdiel.

Akaita tena, kwa sauti zaidi.