Sabuni ya Mafuta ya Samaki

Akiror alipofiwa na mumewe, shemeji yake Paulinus hakungoja hata matanga yaishe. Alichukua pipa la kupikia sabuni na fremu za mbao za kuigandishia, ambazo Akiror na marehemu walizichonga wenyewe, akahamishia kila kitu kwake Busia.

"Wewe kalime," alimwambia. "Sabuni ni kazi ya wanaume."

Akiror alihamia Malaba, mpakani mwa Uganda, na debe kuukuu, akaanza upya kando ya foleni ya malori. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, sabuni imeadimika Uganda, na madereva walinunua chochote chenye povu. Alipika kidogo kidogo, akawagawia mataniboi, wasaidizi wa madereva, vipande wafulie, kisha akawauliza.

"Mama, hii inauma kuliko boss wetu," mmoja alisema. Akiror akapunguza magadi. Iliyofuata iliyeyukia ndooni. Akaongeza mafuta ya ng'ombe. Lakini kila alipopata nzuri, Anyait, mke wa Paulinus, alikuja kununua kipande na kuchungulia jikoni, na baada ya siku chache Busia walikuwa wameiiga.

Katika jaribio moja alitumia mafuta ya samaki kutoka bandari ya Sio Port, ziwani, akatia mchaichai kuficha harufu. Sabuni ikatoka nyororo, povu tele. Kabla ya kuuza, Akiror alikuwa na desturi ya kuweka kipande darini mwezi mzima. Kipande hicho kilipokaa, mchaichai ulikwisha na samaki akarudi, ameoza.

Badala ya kuyatupa mafuta yale, alipika tena, akamngoja Anyait. Safari hii hakufunga mlango.

"Karibu, dada. Hata mafuta nitakuonyesha."

Paulinus alipika ya kujaza lori. Mzigo ulivuka mpaka ukinukia vizuri. Kabla msimu haujaisha, hakuna mchuuzi wa ng'ambo aliyetaka kusikia jina lake.

Paulinus alikuja Malaba mwenyewe. "Shemeji, ulijua."

"Nilijua. Ungeniuliza, ningekwambia. Lakini nani amuulize mkulima?"

"Nifundishe, basi."

"Leta pipa na fremu zangu kwanza."

Alizileta, akazishusha mwenyewe huku mataniboi wakitazama. Akiror alizikagua moja moja, akaziingiza ndani. Kisha akamletea maji na kile kipande cha darini.

"Nawa mikono, shemeji. Umechafuka."

Paulinus alinawa. Mataniboi walishika pua. Alipoinua kichwa kuuliza somo litaanza lini, mlango ulikuwa umefungwa.