Jasib na Mdanzi wa Um Duraid

Mtaa wa Zayuna, Baghdad, ulikuwa na enzi yake ambapo nyumba isiyo na ukoka mbele ilihesabiwa haijakwisha kujengwa. Bustani nyingi za enzi hiyo zilipita mikononi mwa Jasib. Alikuja mjini akiwa kijana, kutoka vijiji vya Kut, jembe begani, akawa ndiye anayeitwa majani yakigeuka manjano, maji yakituama chini ya ukuta, mchwa wakiingia kwenye mawaridi, au chumvi ikipanda juu ya udongo na kuuacha mweupe. Hakuwa fundi wa miujiza, na miti mingine ilimfia. Ila alikuwa na jambo moja ambalo mtaa mzima ulimjua nalo: hakumdanganya mtu kuhusu mti wake. Ukiwa wa kupona alisema utapona, na ukiwa wa kufa alisema unakufa, mwenye nyumba akanuna apendavyo.

Siku hizi kazi yenyewe imegeuka kuwa ya maziko. Baba akifariki, watoto wanagawana nyumba. Bustani inageuzwa chumba, chumba kinageuzwa nyumba, na kipande kinachosalia kinamwagiwa zege. Wako hata wanaotandika majani ya plastiki, kisha jioni wanayapiga maji kwa mpira ili kuondoa vumbi, na wala hawaoni haya. Jasib alizoea kuitwa kung'oa alichopanda mwenyewe, analipwa, anaondoka kimya.

Nyumba ya Um Duraid, yaani mama yake Duraid, ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki nzima. Mumewe, afisa wa jeshi, alishatangulia mbele ya haki. Bustanini palisimama mdanzi, ule mti wa machungwa machungu wanayokamulia samaki, uliopandwa na mwanawe wa mwisho, Nawar, alipokuja likizo wakati wa vita na Iran. Alirudi vitani, na baada ya hapo hakuonekana tena, yeye wala maiti yake. Siku ya Idi wenzake walikwenda makaburini kwa watoto wao; Um Duraid hakuwa na kaburi, akawa anakaa chini ya mdanzi.

Kila adhuhuri, akishachuja wali, aliyaacha yale maji ya sufuria yapoe, kisha akayabeba na kuyamwaga shinani huku akiupa mti habari za nyumbani: nani kaposa, nani kahamia Ujerumani, nani kagombana na mkewe. Maji yalikuwa na chumvi, maana huko mchele huchemshwa na chumvi nyingi. Jasib alimwona miaka yote na hakumkataza. Chumvi ya sufuria moja haikuuweza mti ule, na yeye mwenyewe kila majira ya baridi aliuogesha udongo kwa maji matamu mpaka chumvi yote ikashuka chini.

Ugomvi ulianzia kwa mjukuu. Muthana, mtoto wa pili wa Um Duraid, alikuwa na kijana aliyeposa na hana pa kumweka mke. Muthana na kaka yake Duraid wakakubaliana kumjengea bustanini. Lakini nyumba ilikuwa kwa jina la mama, na mama alikwisha apa kwamba yeye akiwa hai mti ule hauguswi. Wakamwita Jasib, wakamweka langoni.

"Ami Jasib," akasema Duraid, "mama hasikii la daktari wala la shehe. La kwako kuhusu mti atalisikia. Mwambie umekufa mizizi."

Jasib akawaeleza kwamba mti ni mzima. Yale manjano kwenye majani ni upungufu wa chuma tu, atauwekea dawa na utarudi kijani.

"Tunajua ni mzima," akasema Muthana. "Ungekuwa umekufa tungekuita wewe wa nini?"

Akaongeza kwamba mti utakatwa kwa vyovyote vile, na kama Jasib hataki kusema neno, mama atausikia msumeno akiwa dirishani, akilia. Achague mwenyewe lipi ni la huruma. Kisha wakamgusia habari za mkwewe, mume wa binti yake, ambaye alikuwa hana kazi, kwamba hapo kwenye ujenzi nafasi yake ipo. Jasib alijiambia kwamba anakubali kwa kumhurumia bibi, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Hilo la mkwe nalo lilimwingia kuliko alivyopenda.

Akaingia bustanini. Akaparua udongo, akachuma jani, akalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hajati, chumvi imeshika mizizi," akasema. "Mti huu umekwisha."

Um Duraid hakulia. Aliuliza tu, "Chumvi?"

"Chumvi."

Um Duraid akasema basi ukatwe, usiachwe ukateseka. Jasib akatoka akishukuru kwamba limekwenda jepesi. Mti ukaangushwa siku mama alipopelekwa kwa dada yake. Magogo yakachukuliwa na mchoma samaki wa barabarani, kisiki kikang'olewa, na mama aliporudi alikuta msingi umekwisha mwagwa.

Haukupita muda mrefu, Balqis, mke wa Duraid, akamfuata Jasib. Akamwambia mama mkwe wake hali wali tena. Jikoni haingii. Akishasali anabaki juu ya msala akimwomba Nawar amsamehe, akisema amemuua kwa mikono yake mwenyewe, kila adhuhuri, kwa sufuria.

 Jasib alikwenda moja kwa moja kwa Duraid akamwomba amwambie mama yake ukweli.

"Nimwambie wanawe walimpangia njama?" Duraid akasema. "Ataniondolea radhi. Mwache, Ami. Atasahau."

Jasib akaona hapo hapana msaada, akaingia mwenyewe. Um Duraid alikuwa kwenye kiti chake, na dirisha lake sasa lilitazamana na ukuta wa matofali. Alikuwa amekonda mpaka pete inamzunguka kidoleni.

"Hajati, nilikudanganya," akasema. "Mti ulikuwa mzima. Maji yako hayakuudhuru hata kidogo. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Hakumtaja Duraid wala Muthana. Alidhani dhambi akiibeba peke yake itatosha.

Um Duraid akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyeleta zawadi isiyo na kazi.

"Umeanza lini uongo, Jasib?"

"Wallahi, Hajati..."

Akaunyoosha mkono kumzuia. "Usiape. Usijitie dhambini kwa ajili yangu. Watu wamenidanganya umri wangu wote ili nisilie. Kila mateka wa vita waliporejeshwa, waliniambia Nawar yumo kundi lijalo. Baba yake alinidanganya, na hawa wanangu walinidanganya. Wewe tu ndiye uliyeniambia jambo lilivyo. Usiniharibie na hilo."

Jasib akatafuta la kumwonyesha. Kisiki hakipo, jani hakuna, na udongo uko chini ya zege. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa yamebaki, na alikwisha yatumia siku ile ya uongo bustanini. Akajiona mtu mbaya, akainamisha kichwa.

"Ila niambie kitu kimoja," Um Duraid akasema. "Ningeacha yale maji mwaka jana, ungepona?"

Jasib alijua jibu la kweli halitasikilizwa tena katika chumba kile.

"La, Hajati," akasema. "Usingepona. Ulikwisha kufa zamani, kwa chumvi ya udongo, kabla ya maji yako."

Hilo Um Duraid alilisadiki papo hapo.